JOHN AKII-BUA NA WALIOMSHIKA MKONO

Tulipoambiwa na chama chetu tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kutuacha, wenzangu wengi wa kidato cha tatu walikimbilia wanasiasa. Mimi nimemchagua John Akii-Bua, mruka viunzi wa Uganda. Kila nikisoma habari zake nawafikiria wazazi wetu hapa Loitokitok, ambao wakisikia mtoto amebaki uwanjani hadi saa kumi na mbili, swali lao ni moja: ng'ombe wamerudishwa na nani?

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake kadhaa na watoto 43. Hebu fikiria, hata kuwaita majina jioni ni kazi! John alichunga ng'ombe kama tunavyochunga sisi. Lakini baba alifariki mtoto akiwa bado kijana mdogo, na masomo yakaishia hapo. Akawekwa kwenye baa ya ndugu yake, akawa mtu wa kupokea pesa.

Hapa ningewaomba wazazi wasome polepole. Miguu iliyokuja kuushangaza ulimwengu ilikuwa imesimama nyuma ya kaunta, na hapakuwa na mtu wa kuitazama.

Bahati yake ni kwamba aliingia polisi, na polisi walikuwa na uwanja na timu. Huko alikutana na Jorem Ochana, askari aliyekuwa bingwa wa viunzi. Huyu bwana hakuwa na mchezo. Aliweka ufito juu ya kiunzi ili kijana azoee kuruka akiwa ameinama. Akijiinua tu, anajigonga. Kovu lilibaki kwenye paji la uso. Baadaye akaja kocha wa taifa, Mwingereza Malcolm Arnold, akamhamisha kutoka mita 110 hadi mita 400. Alifanya mazoezi akiwa amevaa fulana yenye vyuma vizito.

Kuna wazazi wanaodhani kumsaidia mtoto ni kumfokea. Katika mashindano fulani nilimwona mmoja akimgombeza binti yake mbele ya watu eti kwa kuwa wa tatu, na huyo binti sijamwona tena mchezoni. Ochana alikuwa mkali, ndiyo, lakini alikuwa pale uwanjani, na alionyesha namna ya kuruka. Huo ni ukali wa aina nyingine kabisa.

Mtu anaweza kusema, si lazima basi mzazi awe mwanariadha? Kweli, David Rudisha alikuwa na baba wa namna hiyo: Mzee Daniel Rudisha, aliyefariki mwaka 2019, alipata medali ya fedha Mexico mwaka 1968 katika mbio za kupokezana vijiti. Baba yangu hajawahi kukimbiza kitu isipokuwa ndama. Siku moja alikuja, akasimama kando ya ua na rungu lake, kimya. Nilikuwa wa tano. Njiani aliniuliza mashindano mengine ni lini, basi. Tangu siku hiyo ndugu yangu ndiye anayerudisha ng'ombe Jumatano.

Turudi kwa Akii-Bua. Tarehe 2 Septemba 1972, katika fainali ya Olimpiki mjini Munich, alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani yenye kona kali ambayo hakuna anayeitaka. Alimaliza kwa sekunde 47.82. Rekodi ya David Hemery wa Uingereza, 48.12, ikavunjika, na kabla ya hapo hakuna binadamu aliyekuwa ameshuka chini ya sekunde 48. Hiyo ndiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki.

Mwaka 1976 hakukimbia Montreal kwa sababu nchi nyingi za Afrika zilisusia. Mwaka 1979, vita vilipomng'oa Idi Amin, alikimbilia Kenya na familia yake, wakakaa kambini mpaka kampuni ya viatu ya Puma ikawachukua Ujerumani. Baadaye alirudi nyumbani akawa kocha katika polisi ile ile, safari hii yeye ndiye akiwapangia vijana viunzi. Alifariki tarehe 20 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47. Uganda ilingoja mpaka mwaka 2012 ndipo Stephen Kiprotich akaleta dhahabu ya pili, ile ya marathoni ya London.