Lauri Rapala: Mvuvi fukara aliyegeuza karatasi ya chokoleti kuwa magamba ya samaki

WAVUVI wa sangara katika Ziwa Victoria wanaotumia mishipi mirefu yenye ndoano nyingi wanaijua gharama moja ambayo ni nadra kuandikwa kwenye daftari la mapato na matumizi: chambo. Kabla ya kwenda kumtafuta samaki mkubwa, lazima kwanza wapatikane samaki wadogo, furu au watoto wa kambare, kisha watungwe mmoja mmoja kwenye ndoano. Saa hizo hazilipwi na mtu. Zinaliwa na mvuvi mwenyewe pamoja na familia yake.

Mtu aliyeumizwa na gharama hiyo hadi akaitafutia dawa hakuwa wa huku kwetu. Alikuwa Lauri Rapala, mvuvi wa nchini Ufini, aliyezaliwa Novemba 1905 huko Sysmä, eneo la Ziwa Päijänne. Leo jina lake linafahamika katika maduka ya zana za uvuvi duniani kote, na hata wanaovua sangara kwa burudani hukokota chambo chenye jina hilo nyuma ya boti zao.

Jina lenyewe alilipata kwa bahati tu. Mama yake, Mari, aliishi maisha ya shida. Alipohamia parokia ya Asikkala na mwanawe angali mdogo, kasisi aliyekuwa akiandika majina hakulikumbuka jina la ukoo wao, Saarinen. Akaandika jina la kijiji walikotoka, Rapala. Kwa Kifini neno hilo linakaribiana na tope. Sidhani kama kuna mshauri wa biashara ambaye angependekeza jina la namna hiyo.

Mwaka 1928 Lauri alimwoa Elma Leppänen na watoto wakafuatana. Hakuwa na ardhi ya kutosha wala elimu ya kumpatia kazi ya mshahara. Wakati wa baridi alikata miti msituni, akafanya vibarua vya shamba, na maji yalipokuwa wazi alivua samaki wa kuuza. Alipiga makasia kutwa nzima, akitega mishipi ambayo husemekana kuwa na ndoano hadi 1,000. Msomaji apige hesabu mwenyewe: ndoano 1,000 ni samaki wadogo 1,000, kila anapotega. Vyambo vilivyotengenezwa viwandani vilikuwapo, lakini kwa mvuvi wa kipato chake bei ilikuwa kubwa mno.

Kilichomtofautisha na wenzake ni subira ya kutazama. Akiwa ndani ya mtumbwi aliona kwamba samaki mwindaji, kama vile paiki, hakimbilii kundi zima la samaki wadogo. Humchagua yule anayeyumba, anayeogelea upande upande kama aliyejeruhiwa, kwa kuwa huyo humgharimu nguvu kidogo kumkamata. Lauri akawaza kwamba akipata kitu kinachoyumba hivyo hivyo na kinachoweza kutumika tena kesho, ataachana na kazi ya kutafuta samaki hai.

Mwaka 1936 alichonga chambo chake cha kwanza kwa gome laini, lile la kutengenezea vizibo, akitumia kisu cha fundi viatu na msasa. Ngozi ya samaki aliitengeneza kwa karatasi zinazong'aa za kufungia chokoleti na jibini. Vanishi hakuwa nayo. Aliyeyusha filamu za picha zilizokwisha kutumika na kupaka majimaji yake juu ili maji yasipenye. Mgongo ulikuwa mweusi, ubavu wa rangi ya dhahabu na tumbo jeupe.

Mpangilio huo wa rangi haukuwa urembo. Samaki wengi wana mgongo mweusi ili anayewatazama kutoka juu awachanganye na kina cha maji, na tumbo jeupe ili anayetazama kutoka chini awachanganye na mwanga wa anga. Ubavuni, magamba na ngozi iliyo chini yake hurudisha mwanga kama vioo vidogo, na samaki akigeuka huonekana mmweko. Rangi ya kawaida haiwezi kumweka hivyo. Karatasi ya chokoleti inaweza.

Wengine walilitatua suala la magamba kwa njia tofauti. Kule Indiana, Marekani, kampuni ya Creek Chub ilijijengea jina mapema katika karne ya 20 kwa vyambo vya mbao vilivyochorwa magamba, na kazi hiyo ilifanyika kwa wavu. Mafundi wa nyumbani wanaifanya hadi leo, na kipande cha chandarua kikuukuu kinatosha. Mti hupakwa kwanza rangi ya kuziba vinyweleo, kisha nyeupe, kisha ya fedha au ya dhahabu. Ikishakauka kabisa, wavu huvutwa kwa nguvu kukizunguka chambo na kubanwa kwa vibanio vya nguo chini ya tumbo. Hapo hupulizwa rangi nyeusi zaidi, kijani au kahawia, kuanzia mgongoni kuelekea ubavuni, nyepesi na kwa mbali. Nyuzi huificha rangi ya chini na matundu huipokea ya juu. Wavu ukitolewa hubaki magamba meusi yenye kingo zinazong'aa. Kosa la wengi ni haraka: wavu ukivutwa rangi ikiwa bado mbichi, magamba yote huvurugika. Wavu uliolegea nao huacha ukungu badala ya gamba. Matundu pia yaendane na ukubwa wa chambo, la sivyo samaki wa kidole hubeba magamba ya sangara.

Mimi naamini magamba hayo humvuta zaidi mvuvi aliyesimama mbele ya kabati la duka kuliko samaki aliye majini. Rapala naye aliweka uzito kwenye mwendo. Kila chambo kilijaribiwa majini na kurekebishwa kwa mkono mpaka kiyumbe sawasawa, na desturi hiyo ikaendelea hata kazi ilipohamia kiwandani. Kwa lugha ya uchumi, alikuwa akiuza uhakika. Mteja wa chambo cha kumi alipata mwendo ule ule alioupata mteja wa kwanza.

Habari za mavuno yake zilienea. Wapo wanaosimulia kwamba kuna siku alirudi na zaidi ya kilo 250 za samaki. Ziwe zimetiwa chumvi au la, majirani walianza kununua. Kisha ikaja vita ya Ufini na Muungano wa Kisovieti mwaka 1939, na Lauri akaenda jeshini kama wanaume wengine. Baada ya vita wanawe waliingia katika kazi ya kuchonga na kupaka rangi. Michezo ya Olimpiki ya Helsinki ya mwaka 1952 ilileta wageni, na baadhi ya vyambo vikasafiri nao.

Mwaka 1959 Ron Weber, wakala wa zana za uvuvi kutoka Minnesota, alivikuta vyambo hivyo huko Marekani. Yeye na mwenzake Ray Ostrom, mwenye duka mjini Minneapolis, waliandika barua Ufini kuagiza, kisha wakaanzisha kampuni ya kuviingiza nchini mwao.

Agosti 1962 jarida la Life lilichapisha makala kuhusu chambo cha Rapala. Toleo hilo lilikuwa na picha ya Marilyn Monroe kwenye jalada, aliyefariki dunia mwanzoni mwa mwezi huo, na lilinunuliwa na watu wengi mno. Maagizo yakamiminika kuliko uwezo wa familia iliyokuwa ikichonga kwa mkono. Hapo ndipo biashara nyingi ndogo hufa: mzalishaji hulegeza ubora ili awahi soko. Akina Rapala walihamia kwenye mashine na mti wa balsa, lakini hawakuliondoa pipa la kujaribia.

Lauri Rapala alifariki Oktoba 1974. Wanawe waliendelea na kampuni, na mwaka 1998 hisa zake ziliorodheshwa katika soko la Helsinki. Chambo chake cha awali chenye kuelea bado kinauzwa, kikiwemo cha mgongo mweusi na ubavu wa dhahabu.