Edgar F. Codd

Edgar Frank Codd (19 Agosti 1923 – 18 Aprili 2003) alikuwa mwanasayansi wa kompyuta kutoka Uingereza aliyefanya kazi hasa nchini Marekani. Anajulikana kwa kubuni modeli ya relesheni, ambayo ni msingi wa hifadhidata nyingi zinazotumika leo.

Maisha

Codd alizaliwa katika kisiwa cha Portland, kaunti ya Dorset. Alisoma hisabati na kemia katika Chuo Kikuu cha Oxford. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa rubani katika Jeshi la Anga la Uingereza. Mwaka 1948 alihamia New York na kuajiriwa na kampuni ya IBM. Mwaka 1953 alikwenda Kanada kwa kuchukizwa na siasa za Seneta Joseph McCarthy, akarudi Marekani miaka kadhaa baadaye. Mwaka 1965 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan, kisha akahamia maabara ya IBM mjini San Jose, California.

Modeli ya relesheni

Kabla ya Codd, mwandishi wa programu alilazimika kujua data zimepangwaje ndani ya mashine ili aweze kuzifikia. Mwaka 1970 Codd alichapisha makala iliyopendekeza kuzitenganisha data na mpangilio huo. IBM ilichelewa kutekeleza wazo hilo, kwa kuwa tayari ilikuwa ikiuza mfumo wake wa IMS.

Suala la istilahi

Codd alichukua neno "relesheni" kutoka hisabati. Kwa mfano, relesheni ya wanafunzi inaweza kuwa na sifa tatu: namba ya usajili, jina na darasa. Kila mwanafunzi huwakilishwa na tupli moja. Lugha ya SQL, iliyobuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM, ilitumia maneno jedwali, safu mlalo na safu wima. Maana zake zinakaribiana lakini si sawa: relesheni haiwezi kuwa na tupli mbili zinazofanana kabisa, ilhali jedwali la SQL linaweza kurudia safu mlalo ileile.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba modeli hiyo iliitwa hivyo kwa sababu huunganisha majedwali. Kumbe relesheni ni lile jedwali lenyewe. Kwa Kiswahili utata huongezeka pale neno "uhusiano" linapotumika kwa maana zote mbili.

Codd mwenyewe, katika makala ya 1970, alitumia majina mawili yanayokaribiana kutofautisha relesheni zinazojali mpangilio wa safu na zisizoujali. Baadaye alibaki na jina moja.

Mwaka 1985 alitoa kanuni zinazojulikana kama Kanuni 12 za Codd, kwa sababu makampuni yalikuwa yakiita bidhaa zao za relesheni bila kutimiza masharti yake.

Tuzo na kifo

Codd alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1981. Alifariki Florida akiwa na umri wa miaka 79.