MAISHA YA MUNGANGA ROBERT KOCH (1843-1910)



Wengi wetu tumekwisha kuona karatasi ya laboratwari yenye herufi BK. Mgonjwa anakohoa majuma mengi, wanamwomba makohozi, kisha wanatafuta BK ndani yake. B ni basili, ni kusema kijidudu. K ni Koch, jina la mtu. Ndiye tunataka kuelezea leo.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 kule Clausthal, mji wa migodi katika milima ya Ujerumani. Alisoma uganga Göttingen, akamaliza katika mwaka 1866. Nyuma akawekwa munganga wa wilaya ku Wöllstein, mji mdogo ulio leo katika Polandi. Alitunza wagonjwa, na nyumbani mwake akatenga nafasi kidogo ya mikroskopi yake. Profesa hapana, maktaba kubwa hapana. Lakini katika 1876 alionyesha kijidudu kinacholeta kimeta, ugonjwa wenye kuua ng'ombe na kondoo. Sisi wenye kulalamika kwamba masomo yetu hayana vyombo, tufikiri juu ya jambo hili.

Katika 1880 aliitwa Berlin. Siku zile kifua kikuu kilimaliza watu wa Ulaya, tajiri na maskini. Waganga wengi waliwaza kwamba ni ugonjwa wa ukoo, mtoto anazaliwa nao. Koch akatafuta rangi yenye kuonyesha kile kijidudu, akakikomalisha polepole ndani ya vyombo, akakiingiza katika wanyama wadogo, wale tunaoita dende. Wakagonjwa kifua kikuu. Tarehe 24 Machi 1882 akaeleza yote mbele ya wenye elimu wa Berlin. Basi ikajulikana: si ukoo, si ulozi, ni kijidudu.

Tusimfanye malaika. Katika 1890 alitangaza dawa yake, tuberkulini. Wagonjwa wakakimbilia Berlin na tumaini kubwa. Kumbe haikuponyesha, na wengine walikufa. Nyuma ikafaa tu kwa kupima nani ameingiwa na kijidudu. Katika 1905 alipewa zawadi ya Nobel. Katika 1906 na 1907 alikuwa visiwa vya Sese, Uganda, juu ya ugonjwa wa malale. Dawa aliyoijaribu kule ilipofusha wagonjwa wengine. Alikufa tarehe 27 Mei 1910 kule Baden-Baden, bila kuona dawa yenye kuponyesha kifua kikuu. Dawa ya kwanza ya kweli, streptomisini, ilivumbuliwa katika 1943.

Sisi tunayo ile aliyoitafuta. Je, tunaitumia namna gani? Hapa kwetu mtu akikohoa na kukonda, wanasema amelishwa karuho. Wanazunguka huku na huku, na wakati ule anakohoa katika chumba kimoja na watoto. Kijidudu kinapita katika hewa, mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya ao kusema. Hakipiti kwa sahani wala kwa kupeana mkono. Kwa hiyo tufungue madirisha, tufunike kinywa tukikohoa, na mwenye kukohoa majuma mawili apeleke makohozi yapimwe.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Dawa inakunywiwa kila siku, mara nyingi miezi 6: aina nne miezi 2 ya kwanza, kisha aina mbili miezi 4. Nyuma ya majuma machache mgonjwa anasikia nguvu, anakula vizuri, kwa kawaida haambukizi tena. Hapo njo wengi wanaacha. Lakini vijidudu vingine vinabaki vimejificha. Vikiamka vinaweza kuwa vimezoea dawa, na kutibu kunakuwa kwa muda mrefu na taabu nyingi. Hata jirani atapata vile vilivyo vigumu.

Basi, ndugu, kama kuna mgonjwa nyumbani ao katika internati, tusimkimbie. Tumkumbushe dawa yake kila asubuhi mpaka munganga mwenyewe aseme imetosha. Kupenda jirani ni pamoja na kazi hiyo.