Nkrumah Kabla ya Ukumbi: Aliondoka Lini, Alirudi Lini

Hapa Mlimani jina la Nkrumah tunalitaja kila siku bila kulifikiria. Kipindi kiko Nkrumah, mdahalo uko Nkrumah, tukutane Nkrumah. Hata mtu ambaye hajawahi kukanyaga chuo kikuu ameushika ukumbi huo mkononi, maana ndio uliochorwa nyuma ya ile noti ya shilingi 500, jero ya karatasi. Lakini ukiwauliza wengi wetu mwenye jina alikuwa nani, jibu linaishia kwenye sentensi moja: rais wa kwanza wa Ghana, mtu wa umoja wa Afrika. Basi.

Ndugu msomaji, leo naomba tukitazame kipande kingine cha maisha yake. Kabla ya urais, Kwame Nkrumah alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, halafu akawa mwanafunzi asiye na hela aliyekaa ugenini miaka 12. Na swali alilolazimika kulijibu huko ni lile lile linalozuka mabwenini kila mwenzetu anapopata skolashipu ya nje: ukienda, unarudi lini? Ukimaliza shahada? Ukipata mtaji? Nchi ikikaa sawa? Maisha ya Nkrumah yana jibu, ila jibu lenyewe lina pande mbili, na upande wa pili huwa hatupendi kuusimulia.

Mwalimu aliyezamia meli

Nkrumah alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Nkroful, kusini-magharibi mwa koloni ambalo Waingereza waliliita Gold Coast. Baba yake alikuwa sonara, mama yake, Nyaniba, alikuwa anafanya biashara ndogondogo. Alisoma shule ya wamisionari wa Kikatoliki, akafundisha kidogo hapo hapo, kisha akapelekwa Accra kwenye chuo cha ualimu, ambacho baadaye kiliingizwa katika chuo kipya cha Achimota. Wana-elimu wenzangu mnaona: ni mtu wa fani yetu kabisa.

Achimota alikuwepo mwalimu anaitwa Kwegyir Aggrey. Huyu alikuwa amekaa Marekani zaidi ya miaka 20 kabla ya kurudi kufundisha kwao, na mwaka 1924 alifika hata huku kwetu Afrika Mashariki na tume iliyokuwa ikichunguza hali ya elimu. Aggrey alifariki mwaka 1927, lakini kijana alikuwa ameshaona kwa macho yake kwamba Mwafrika anaweza kwenda Marekani, akasoma, na akarudi kuwa mtu wa maana nyumbani. Miaka michache baadaye akamfahamu Nnamdi Azikiwe, Mnigeria aliyekuwa mhariri wa gazeti pale Accra, naye alikuwa ametoka kusoma Marekani juzi tu. Tukumbuke hili: watu wawili waliomtia hamu ya kuondoka, wote walikuwa watu waliorudi.

Alimaliza ualimu mwaka 1930 akafundisha Elmina, Axim, na kwenye seminari ya Amissano. Mshahara wa mwalimu haukutosha nauli ya kwenda Amerika. Kwa hiyo akazamia meli, kama vijana wa bandarini wasemavyo, hadi Lagos kwa jamaa yake ambaye alimpa hela. Mwaka 1935, akiwa na miaka 26, akapitia London na kwenda zake Marekani. Alipokuwa London ndipo alipopata habari kwamba Italia ya Mussolini imeivamia Ethiopia. Hasira aliyoipata siku ile alivuka nayo bahari.

Kubeba maboksi

Alisoma Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi. Mwaka 1939 akapata shahada ya kwanza katika uchumi na sosholojia. Mwaka 1942 akaongeza shahada ya theolojia hapo Lincoln, na mwaka huo huo akapata ya uzamili katika elimu kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mwaka 1943 akaongeza uzamili mwingine, wa falsafa.

Ukisoma orodha hiyo unaweza kudhani alikuwa mtoto wa bosi. Wapi! Alifanya kazi maktaba ili apunguze ada. Likizo aliuza samaki mitaani Harlem, akafanya kazi kiwanda cha sabuni kilichokuwa kinanuka hadi chakula hakishuki, akawa mhudumu kwenye meli za abiria, na wakati wa vita akafanya kibarua kwenye kiwanda cha meli. Zipo siku alikosa pa kulala, akakata tiketi ya treni za chini ya ardhi za New York na kusinzia humo huku treni ikienda na kurudi. Kwa lugha ya leo, Nkrumah alibeba maboksi, tena kwa miaka.

Sasa tujiulize: mbona hakurudi mwaka 1939? Alikuwa mwalimu aliyesomea, mwenye shahada, na kwenye koloni lake watu kama yeye walikuwa wa kuhesabu. Angepokelewa kwa heshima. Hakurudi. Hakurudi hata mwaka 1943 akiwa na shahada nne. Hakukaa bure, hilo tuseme: alifundisha Lincoln, na akaongoza umoja wa wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa Marekani na Canada. Lakini kila shahada ilizaa nyingine, na hakuna hata moja iliyoisogeza karibu siku ya kurudi. Anayesema atarudi akimaliza kusoma, aangalie hapo. Kusoma hakumalizi watu wanaopenda kusoma.

Mei 1945 aliondoka Marekani, na bado hakwenda nyumbani. Alikwenda London, akiwa na nia ya kusoma sheria na kupata shahada ya uzamivu. Alipokelewa na George Padmore, mwanaharakati kutoka Trinidad, na ndani ya miezi michache wakawa wanaandaa pamoja Mkutano wa Tano wa Umajumui wa Afrika, uliofanyika Manchester Oktoba 1945. Alikuwepo pia W.E.B. Du Bois, mzee aliyeheshimiwa na wote, na alikuwepo Mkenya mmoja ambaye naye alikuwa amekaa Ulaya miaka mingi: Jomo Kenyatta.

Septemba 1946 Kenyatta alipanda meli akarudi Kenya. Nkrumah akabaki London. Alijiandikisha kusoma sheria, akaanza uzamivu wa falsafa, lakini muda mwingi uliliwa na ofisi ndogo ya harakati za Afrika Magharibi ambayo haikuwa hata na hela ya makaa ya kuota moto. Mwenzake ameondoka, tasnifu haiendi, na miaka inakwenda.

Barua kutoka nyumbani

Agosti 1947 wanasheria na wafanyabiashara wa Gold Coast walianzisha chama cha siasa, United Gold Coast Convention. Walikuwa watu wakubwa, kila mmoja na shughuli zake, kwa hiyo chama kilihitaji katibu mkuu wa kufanya kazi kutwa. Ako Adjei, ambaye alikuwa amesoma na Nkrumah kule Lincoln, aliwaambia kwamba mtu wa kazi hiyo yupo London. Akamwandikia. Kisha J.B. Danquah, mwanasheria aliyekuwa kinara wa chama, naye akamwandikia kuthibitisha.

Kama ulidhani Nkrumah aliruka kwa furaha, hapana. Alisita. Aliwaona viongozi wale kuwa ni matajiri na mawakili walio mbali na watu wa kawaida, akahofia kwamba hawatakwenda pamoja. Tena tasnifu ilikuwa haijaisha, sheria haijaisha, na mfukoni hakuna kitu. Akakaa na wenzake wa London, Padmore akiwemo, wakaijadili barua. Wakakubaliana aende.

Novemba 1947 aliondoka bandari ya Liverpool pamoja na rafiki yake Kojo Botsio. Mwezi uliofuata alifika kwao, na kabla ya kuripoti kazini akaenda Tarkwa kwa mama yake, akakaa naye kama wiki mbili. Alikuwa na miaka 38. Mama alikuwa amemuaga kijana, akapokea mtu mzima.

Tuhesabu basi alirudi na nini. Shahada aliyoifuata London hakuwa nayo. Mtaji hakuwa nao. Nchi haikuwa imekaa sawa, ilikuwa koloni lile lile. Vitu vitatu ambavyo wengi wetu tunasema tutavisubiri, vyote alivikosa. Alichokuwa nacho ni kazi inayojulikana, watu wanaomsubiri, na marafiki waliomwambia ukweli. Na kazi yenyewe haikuwa tamu. Alikuta chama chenye matawi mengi ya jina tu, ikabidi azunguke vijijini kuyaunda upya.

Halafu angalia wakati. Alianza kazi Januari 1948. Tarehe 28 Februari askari wa zamani wa vita waliokuwa wakiandamana Accra kudai haki zao walipigwa risasi, watatu wakafa, na ghasia zikalipuka nchini. Nkrumah na viongozi wenzake watano wakakamatwa, na jina lake likajulikana kila kona. Kama angesema amalizie kwanza tasnifu, siku hiyo ingemkuta maktaba London, anasoma habari za nchi yake gazetini.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Juni 1949 alijitenga na wakubwa wale akaunda chama chake, CPP. Mwaka 1950 akafungwa, na Februari 1951 akashinda uchaguzi akiwa gerezani, akatoka moja kwa moja kwenda kuongoza serikali. Miezi minne baadaye Lincoln wakamwita kumtunuku shahada ya heshima ya udaktari. Ile ya London aliyoiacha njiani, hakuna aliyeikumbuka tena. Tarehe 6 Machi 1957 Ghana ikawa huru. Padmore akahamia Accra kuwa mshauri wake, na mwaka 1961 Du Bois naye akahamia huko, na huko huko akafia.

Upande wa pili

Wengi tungependa kuishia hapo. Tusiishie.

Mwaka 1958 serikali ya Nkrumah ilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mwaka 1962 Ako Adjei, rafiki wa Lincoln, wakati huo akiwa waziri, alituhumiwa kushiriki katika jaribio la kumuua Nkrumah. Mahakama ilimwachia, kesi ikarudiwa, akahukumiwa kifo, na ingawa hukumu hiyo ilipunguzwa, alibaki gerezani hadi Nkrumah alipoanguka. Danquah alifia gerezani Nsawam Februari 1965. Yaani wale wawili walioandika barua za kumrudisha nyumbani, mmoja alifungwa na mwingine alikufa kifungoni chini ya utawala wake. Mtu anaporudi akakuta nyumbani panamngoja, anaweza kusahau kwamba nyumba ina wenyewe wengi.

Tarehe 24 Februari 1966, Nkrumah akiwa safarini Asia, jeshi lilimpindua. Habari alizipata Beijing. Sekou Toure akamkaribisha Guinea na hata kumpa cheo cha rais mwenza. Akaishi Conakry, mkewe na watoto wakiwa Misri. Alihutubia Waghana kwa redio, aliandika vitabu, akisubiri siku ya kurudi. Safari hii hakuna aliyemletea barua. Akaugua saratani, akapelekwa Romania kwa matibabu, na tarehe 27 Aprili 1972 akafia Bucharest. Julai mwili wake ukarudishwa Ghana na kuzikwa Nkroful. Mama yake alikuwa bado hai. Baadaye alihamishiwa Accra, na tangu mwaka 1992 kaburi lake liko kwenye uwanja ule ule alikotangazia uhuru.

Kwa hiyo Nkrumah alirudi nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza siku aliichagua mwenyewe, akiwa maskini na mwenye mashaka. Mara ya pili alichaguliwa siku na wengine, akiwa ndani ya jeneza.

Najua hoja itakayotolewa kijiweni: Nkrumah alikuwa na barua ya kazi, sisi tuna vyeti vya ualimu na ajira hazitoki, anayebaki majuu huwezi kumlaumu. Hoja hiyo ni ya kweli, nami simlaumu mtu. Mwenzetu anayefundisha Kiswahili Marekani au anayeosha vyombo Uingereza na kusomesha wadogo zake, anafanya kazi ya halali. Ila tujiulize ile barua ilitoka wapi. Ilitoka kwa mtu aliyesoma naye, aliyeujua uwezo wake, na ambaye hakuwa amepoteza anwani yake. Katika miaka yote 12, Nkrumah hakuacha kushughulika na mambo ya kwao na watu wa kwao, ndiyo maana kazi ilipopatikana kuna aliyemkumbuka.

Mwenzangu unayeondoka, nenda salama. Usijiwekee tarehe ya kurudi kwa kuhesabu shahada au hela, maana vyote viwili havina mwisho. Endelea kujulikana nyumbani, na ikitokea kazi unayoiweza, wakakuita, na walio karibu nawe wakaona inafaa, funga begi hata kama tasnifu imebaki sura mbili. Kuchagua siku yako ya kurudi ni nafasi ambayo mtu huwa nayo kwa muda fulani tu.

Na ukifika, usiwasahau waliokuandikia barua.