John Kemeny na Lugha ya Wanagenzi

Katika vyuo vya nyanda zetu za juu, Mbeya na Iringa, kuna swali linalostahili mjadala: mwanachuo afundishwe lugha ipi ya kutungia programu za kompyuta? Jibu jepesi ni kwamba afundishwe ile inayotakiwa zaidi na waajiri. Sisi tunaona yafaa tumtazame kwanza mwalimu mmoja wa hisabati aliyelijibu swali hilo kwa vitendo.

John Kemeny alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1926. Mwaka 1940 jamaa yake, waliokuwa Wayahudi, walikimbilia Marekani. Akiwa bado mwanafunzi wa Princeton aliitwa jeshini, akapelekwa Los Alamos kufanya hesabu za bomu la atomu; baadaye akawa msaidizi wa Einstein. Mwaka 1949 alipata shahada ya udaktari, na mwaka 1953 akaingia Chuo cha Dartmouth.

Siku zile wahandisi walitumia Fortran, na wenye biashara COBOL. Kemeny na mwenzake Thomas Kurtz wangeweza kufundisha mojawapo, na hakuna ambaye angewalaumu. Lakini wanafunzi wao wengi hawakuwa wa sayansi, na Fortran ilimtaka mwanagenzi akariri kanuni nyingi za alama kabla ya kuelewa anachokitenda. Basi wakatunga lugha mpya, BASIC, yenye amri chache zilizo wazi. Programu zake za kwanza ziliendeshwa alfajiri ya tarehe 1 Mei, 1964. Mwanafunzi aliandika, akajibiwa papo hapo. Akikosea, alisahihisha palepale badala ya kungojea kadi zake zirudi. Mwalimu aliyepata kurudisha madaftari baada ya majuma mawili anaijua vema tofauti hiyo.

Tusimfanye Kemeny malaika, hata hivyo. Tangu mwaka 1975 BASIC ilienea katika kompyuta ndogo, kila kampuni ikaikatakata ipendavyo, na wengi wakazoea kurukaruka ndani ya programu pasipo mpango. Dijkstra, mtaalamu wa Uholanzi, aliishutumu vikali. Watunzi wenyewe hawakuridhika, wakatoa True BASIC katika miaka ya 1980 ili kuirekebisha. Lugha iliyozaliwa nje ya soko ilipata soko, na soko likaiharibu. Wakulima wa pareto wa Mufindi na Mbeya wanaujua mwenendo wa bei. Aliyejifunza kuutunza udongo hakukosa zao jingine la kupanda.

Ni kweli kwamba kijana anayehitimu Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya anahitaji riziki, na mwajiri ana haki ya kumwuliza anajua nini. Kwa mwaka wake wa mwisho hatuna ubishi. Lakini mtoto wa darasa la nne mtakayemfundisha ninyi hataingia kazini kabla ya miaka kumi, na soko la leo halitamngoja. Huyo apewe lugha itakayomwonyesha mpangilio wa hatua, marudio na masharti, hata kama hakuna tangazo la kazi linaloitaja.

Kemeny alikuwa rais wa Dartmouth kuanzia mwaka 1970 hadi 1981. Mwaka 1979 aliongoza tume iliyochunguza ajali ya mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island. Katika shughuli zote hizo hakuacha kufundisha, na alipouacha urais alirudi ubaoni. Alifariki Desemba 1992.