Chemirocha: Mgonjwa wa TB aliyeimbwa Kapkatet

Kama wewe ni wa Kericho ama Bomet, huenda umesikia wazee wakitaja Chemirocha. Huyo ni Jimmie Rodgers, Mmarekani wa Mississippi aliyezaliwa 1897.

Jamaa alikuwa wa reli, kazi yake breki za treni. 1924 akapatikana na TB, na mwili ukaanza kuikataa kazi hiyo. Akabaki na gita. Agosti 1927 akarekodi mara ya kwanza kule Bristol, Tennessee. Santuri zake zikauzwa hadi zikafika kwa Wakipsigis.

Huku Kiingereza chake hakikuwa na maana kwa wengi, lakini ile sauti ya kupanda na kushuka iliwanasa. 1950, Hugh Tracey alipofika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi, wasichana walimwimbia Chemirocha, nusu mtu nusu swara.

Rodgers hakuwahi kujua. Mei 1933 alirekodi mara ya mwisho New York akiwa hoi, akilala kidogo kitandani kati ya wimbo na wimbo ili apate pumzi. Siku mbili baada ya kumaliza, tarehe 26, akafa. Miaka 35 tu.

Sasa, pengine ukizisikiza ngoma zake utaboeka. Sawa, sikio ni lako, hulazimishwi. Lakini kupenda ni kitu kimoja na kuheshimu ni kingine. Kapkatet walimfurahia bila habari ya jasho lake. Wewe habari unayo, hata kama raha huipati. Kabla uziite takataka, kumbuka kile kitanda.