Oleg Kagan, mpiga fidla aliyeliliwa kwa fidla
Nikitaja wapiga fidla wa Urusi, wengi hunijibu Oistrakh. Mimi humkumbuka mwanafunzi wake, Oleg Kagan, aliyezaliwa mwaka 1946 katika kisiwa cha Sakhalin, mbali kabisa na Moscow. Mwaka 1965 alishinda shindano la Sibelius mjini Helsinki, kisha akapiga miaka mingi na mpiga piano Sviatoslav Richter. Konseto ya tatu ya fidla ya mtunzi Alfred Schnittke, ya mwaka 1978, yeye ndiye aliyeipiga kwanza.

Saratani ilimuua mjini Munich, Julai 1990, akiwa na miaka 43. Mwaka huohuo Schnittke, naye akiwa ameshapigwa na kiharusi, alimwandikia Madrigal: fidla moja tu, bila okestra. Ipo pia ya selo, ala ya mjane wake, Natalia Gutman. Hiyo ya selo huwa siimalizi.